Huyo Unayemwita Wa Kubeba Chai

Wacha nianze na kukiri. Mwaka jana nilitengeneza video ya mzaha kuhusu wahudumu wa ndege. Mnaikumbuka. Nilijifunga leso shingoni, nikasukuma kiti cha plastiki kama toroli kwenye korido ya nyumba, nikawa nauliza kila mtu "kuku ama nyama?" kwa sauti ya puani. Iliwabamba sana. Komenti zilikuwa na wimbo mmoja: hawa ni maweita tu, tofauti ni kwamba wako juu ya mawingu.

Binamu yangu hakucheka. Yeye anasomea hiyo kazi hapa Nairobi, na kwao nyumbani anko alishamwambia mbele ya wageni kwamba amelipa karo ndefu ili msichana aende kujifunza kubeba chai. Sasa video yangu ikamwangukia juu ya hiyo. Hakunitukana. Alinitumia ujumbe mmoja mfupi: "Tafuta Air Canada 797. Ukimaliza ndio tuongee."

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na sidhani kuna kitabu cha kozi nilichowahi kusoma hadi mwisho. Lakini ripoti ya hiyo ndege niliisoma mpaka saa nane usiku, halafu nikatafuta zingine. Hii ndiyo stori.

Ilikuwa tarehe 2 Juni 1983. Ndege aina ya DC-9 ya Air Canada ilitoka Dallas, Texas, ikielekea Toronto halafu Montreal. Ndani kulikuwa na abiria 41 na wafanyakazi watano: kapteni Donald Cameron, rubani msaidizi Claude Ouimet, na wahudumu watatu, mkubwa wao akiwa Sergio Benetti. Miongoni mwa abiria alikuwemo Stan Rogers, mwanamuziki wa Kanada wa miaka 33, akirudi nyumbani kutoka tamasha la muziki huko Texas.

Walikuwa futi 33,000 juu wakati mambo yalianza, na yalianza kiujinga kabisa. Kule mbele, swichi tatu zinazojikata umeme ukiwa na shida zilijikata. Zote tatu zilikuwa za mota ya kusukuma maji kwenye choo cha nyuma. Kapteni alijaribu kuzirudisha, zikakataa. Akaona basi, mota ya choo imekwama, ni kitu kidogo. Kama dakika nane baadaye akajaribu tena, zikakataa tena. Hapo hakuna mtu unaweza kumlaumu. Hata wewe fyuzi ya nyumba ikikatika unairudisha kwanza ndio uanze kufikiria. Rekoda ya chumba cha marubani ilikuwa imeshanasa sauti za cheche za umeme, lakini ni wachunguzi walizisikia baadaye wakiwa na mashine. Kwa sikio la kawaida, kimya.

Saa moja jioni, abiria wa safu ya mwisho akasikia harufu isiyo ya kawaida. Akamwambia mhudumu. Huyo mhudumu akachukua mtungi wa kuzima moto, akafungua mlango wa choo kidogo tu, kama vile unachungulia. Hakuona moto. Aliona moshi wa kijivu umejaa kutoka sakafuni hadi darini, na akavuta kidogo kabla hajafunga.

Hapo simama kidogo. Wewe uko kazini. Dakika tano zilizopita ulikuwa unakusanya vikombe. Sasa umefungua mlango na chumba kizima ni moshi, huoni unatoka wapi, na huwezi kutoka nje kuita majirani. Nje ni futi 33,000.

Benetti akaitwa. Kitu cha kwanza alichofanya, na hapa ndipo nilianza kumheshimu, ni kugawa kazi kwa sekunde chache: wewe nenda mwambie kapteni, na abiria wasogezwe mbele. Yeye akachukua mtungi akafungua ule mlango. Aliona moshi mweusi mzito ukijipenyeza kwenye maungio ya ukuta, pale juu ya sinki na kwenye dari. Moto haukuwa ndani ya choo. Ulikuwa nyuma ya ukuta wa choo. Akanyunyiza mtungi wote kwenye ukuta, kwenye pipa la takataka, kila mahali alipoona moshi, kisha akafunga mlango.

Sasa fikiria alichokuwa nacho mkononi. Mtungi wa gesi ya kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo inafanya kazi ukiielekeza kwenye shina la moto, na shina la moto lilikuwa upande wa pili wa ukuta. Shoka la dharura lilikuwepo kwenye ndege, lakini lilikuwa mbele, chumba cha marubani, na moto ulikuwa nyuma kabisa. Barakoa ya hewa ya kupigana na moshi hakuwa nayo. Alikuwa na shati la kazi na mtungi ambao sasa ulikuwa mtupu.

Kapteni aliambiwa saa moja na dakika mbili na sekunde arobaini. Shika hiyo saa, tutairudia.

Ouimet, rubani msaidizi, akatumwa nyuma kuangalia. Alienda bila miwani ya kinga na bila barakoa. Moshi ulikuwa umeshafunika safu za mwisho, hakuweza hata kufika kwenye mlango wa choo. Akarudi mbele. Baada ya hapo Benetti akafika kwa kapteni na taarifa: abiria wamesogezwa mbele, na asiwe na wasiwasi, anafikiri mambo yanaanza kutulia. Ouimet naye akageuka akaangalia nyuma, akasema kama vile moshi unaanza kupungua.

Na ulikuwa umepungua kweli! Hicho ndicho kinachouma. Hakuna aliyedanganya. Moshi unaoonekana ulipungua kwa sababu mtungi ulikuwa umenyunyizwa na mlango umefungwa. Moto wenyewe ulikuwa unatembea polepole ndani ya ukuta na juu ya dari, mahali ambapo macho ya mtu hayafiki. Ni kama makaa ya jiko ukiyafunika jivu. Unaona yamezimika, unaenda kulala.

Kapteni akangoja.

Ouimet alirudi nyuma mara ya pili, sasa na miwani. Safari hii alifika mlangoni, akaugusa. Ulikuwa wa moto. Akawaambia wahudumu wasiufungue kamwe, akarudi mbele, akamwambia kapteni kwamba hapendi anachokiona na ni afadhali washuke. Dakika hizo hizo umeme wa ndege ulianza kufa, vifaa vya kuongozea kimoja baada ya kingine. Saa moja na dakika nane wakaita "Mayday". Tangu kapteni aambiwe kuna moto, zilikuwa zimepita zaidi ya dakika tano.

Sehemu ya kushuka siwezi kuisimulia bila tumbo kukaza. Kifaa kinachoionyesha ndege kwa jina kwenye rada kilikuwa kimezimika, kwa hivyo muongozaji wa chini alikuwa anatafuta kidoti kati ya vidoti. Ilibidi aiambie ndege igeuke ndio aone ni kidoti kipi kimegeuka. Cameron alikuwa anairusha kwa vile vifaa vichache vya akiba vilivyobaki, kwenye moshi, akiushusha huo mzigo wa watu 46 kuelekea uwanja wa Cincinnati. Ni rubani wa hali ya juu, hilo hakuna anayebisha.

Lakini hizo dakika, kazi kubwa zaidi ilikuwa inafanyika nyuma yake, na ndiyo hiyo haipewi picha kwenye bango la matangazo. Wahudumu watatu walikuwa wanafanya hivi: wamehamisha kila abiria mbele ya safu ya 13. Wanapitisha taulo zilizoloweshwa maji, wanaonyesha watu jinsi ya kupumua kupitia kwazo. Wanawaambia wainamishe vichwa, kwa sababu moshi ni hewa moto na hewa moto hupanda, basi ile hewa kidogo iliyobaki iko chini. Wanachagua watu waliokaa kando ya madirisha ya dharura juu ya mabawa, wanawafundisha pale pale jinsi ya kuyafungua, kwa sababu wanajua ndege ikisimama wao wenyewe hawatafika huko. Wote wakikohoa, wote wakiwa hawaoni vizuri.

Ndege ilitua saa moja na dakika ishirini. Matairi yalipasuka wakati wa kufunga breki, lakini ilisimama salama. Magari ya zimamoto yalikuwa tayari yamejipanga. Ukisimamisha stori hapo, unasema hawa watu wamepona.

Milango ya mbele ikafunguliwa, na madirisha ya mabawa. Watu wakaanza kutoka. Ndani kulikuwa na giza la moshi kiasi kwamba mtu haoni mkono wake, na waliotoka walisimulia jinsi walivyopapasa migongo ya viti kujua wako wapi. Lakini kufungua milango kuliingiza pia kitu ambacho moto ulikuwa unakingoja, yaani hewa safi. Kati ya sekunde 60 na 90 tangu milango ifunguliwe, sehemu yote ya ndani ililipuka moto kwa mpigo mmoja. Baada ya hapo hakuna aliyetoka.

Abiria 18 walipona, na wafanyakazi wote watano. Abiria 23 walikufa, Stan Rogers akiwa mmoja wao. Baadhi walikutwa bado kwenye viti. Na kuna wengine walikutwa nyuma ya madirisha ya mabawa. Maana yake ni nini? Walihamishwa mbele, wakaanza kutoka, wakapita njia ya kutokea bila kuiona. Labda kwa hatua mbili.

Kuna ile picha ya baadaye, nyeupe na nyekundu ya Air Canada chini, na juu paa lote limeliwa kana kwamba mtu amefungua mkebe wa maharagwe. Watu wengi wanaoiona wanadhani ndege ilianguka. Haikuanguka. Haikugonga kitu.

Sasa nije kwenye kitu kilichonifanya niandike haya badala ya kurekodi.

Wachunguzi wa Marekani, bodi ya NTSB, walitoa ripoti yao mwaka 1984. Chanzo cha moto hawakukipata. Walichunguza hadi ajali ya zamani ya ndege hiyo hiyo, maana Septemba 1979 ukuta wa nyuma wa kebini ulipasuka muda mfupi baada ya kuondoka Boston na kipande cha mkia kikaanguka, kwa hivyo nyaya nyingi za nyuma ziliwahi kukatwa na kuunganishwa upya. Hawakuweza kuthibitisha kwamba ni hizo. Wakaandika kwamba sababu za ajali ni moto usiojulikana chanzo, kuudharau ukubwa wa moto, na habari zinazopingana alizopewa kapteni kuhusu moto. Wakaongeza kwamba marubani walichelewa kuamua kushuka.

Marubani wana chama, na chama kina wanasheria. Wakapeleka malalamiko. Mwaka 1986 ripoti ikatoka upya, na ukiziweka mbili kando kando unaona kitu. Ule mstari wa marubani kuchelewa umelainishwa: sasa unazungumzia muda uliotumika kutathmini moto na kuamua kushuka. Sawa, naona hiyo ni haki. Lakini mstari mwingine nao umebadilika. Habari alizopewa kapteni sasa si "zinazopingana" tena. Sasa ni "za kupotosha".

Soma tena. Zinazopingana ni shida ya hali, huyu ameona hivi na yule ameona vile. Za kupotosha ni shida ya mtu. Na ni nani aliyekuwa akipeleka habari mbele? Ouimet pia alisema moshi unapungua, tusimsahau, lakini ukisoma haraka haraka, unayemfikiria ni yule wa nyuma mwenye mtungi. Lawama imeteremka ngazi moja, kutoka kwa watu wa kiti cha mbele hadi kwa mtu wa toroli.

Mimi sio mwanasheria. Labda walikuwa na sababu zao za kuchagua neno. Lakini nina macho, na nimefanya kazi za kibarua za kutosha kujua hii ngoma. Mtu anapewa kazi bila vifaa, anaulizwa "kunaendaje huko?", anajibu kwa alichokiona, halafu kikiharibika jibu lake ndilo linaandikwa kwenye ripoti. Benetti alipewa mtungi usiofika kwenye moto na hakupewa kitu cha kumwezesha kuona ndani ya ukuta. Angejuaje? Halafu fikiria pia kazi ambayo amefundishwa kila siku: usitishe watu, tabasamu, kila kitu kiko sawa. Miaka yote kazi inamtaka apoze watu. Siku moja ghafla inamtaka awe mtu wa habari mbaya zaidi.

Mtu ataniambia, basi si wahudumu waongee kwa ukali, wapige kelele, wasikilizwe. Sasa nikwambie kuhusu Riyadh.

Tarehe 19 Agosti 1980, karibu miaka mitatu kabla ya hii ya Kanada. Saudia 163, ndege kubwa ya TriStar, ikitoka Riyadh kwenda Jeddah na watu 301. Dakika saba hivi baada ya kuruka, taa ya moshi kwenye sehemu ya mizigo ya nyuma ikawaka. Marubani wakapoteza muda wakihakikisha kama ni kweli, kisha wakageuza. Wahudumu walikuwa nyuma wakipigana na moto, wakizuia abiria wasikanyagane, wakitangaza kwa zaidi ya lugha moja watu wakae. Mhudumu alienda mbele kuuliza kama wawatoe watu ndege ikitua. Aliuliza zaidi ya mara moja. Kapteni akaamua wasiwatoe.

Ndege ikatua salama. Badala ya kusimama pale pale na kumwaga watu, iliendelea kutembea hadi mwisho, ikakata kona, ikasimama dakika mbili na sekunde arobaini baada ya kugusa ardhi. Injini zikaachwa zinanguruma kwa dakika zingine tatu na zaidi, na injini zikiwaka waokoaji hawawezi kusogea. Mlango wa kwanza ulifunguliwa kutoka nje zaidi ya dakika 20 baadaye. Hakuna hata mtu mmoja aliyetoka. Wote 301, kwenye ndege iliyotua vizuri.

Kwa hivyo huko Riyadh mtu wa toroli aliuliza swali sahihi na mtu wa mbele hakumsikiliza. Kwa Air Canada mtu wa toroli alisikilizwa kabisa, siku ambayo moshi ulikuwa umemdanganya hata yeye. Mimi nikiziangalia hizi mbili pamoja naona ni ugonjwa ule ule. Pande zote mbili hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba yule wa nyuma ni mtu wa usalama. Angekuwa mtu wa usalama, angekuwa na barakoa na mtungi wa maana, na neno lake lingekuwa na uzito kabla ya siku ya moto.

Na ukitaka kujua kama dunia ilikuwa imeonywa, ndiyo. Tarehe 11 Julai 1973, ndege ya Varig ya Brazili, safari 820 kutoka Rio, ilijaa moshi ikikaribia Paris. Moto ulianzia choo cha nyuma. Ni choo tena! Inadhaniwa sigara ilitupwa kwenye pipa. Marubani walikuwa hawaoni vifaa vyao, wakaishusha kwenye shamba la vitunguu kilomita chache kabla ya uwanja wa Orly. Walikufa watu 123 kati ya 134. Waliopona ni wafanyakazi kumi na abiria mmoja tu.

Ni kwa sababu ya moto wa aina hiyo ndio mpaka leo, ukipanda ndege mpya kabisa ambayo haijawahi kuruhusu sigara hata siku moja, utaona kisahani cha majivu kwenye mlango wa choo. Watu hucheka, "mbona waweke na sigara zimekatazwa?" Ni kwa sababu kuna mjinga siku moja atavunja sheria, na akishaivunja ni heri azime hapo kuliko kwenye pipa la karatasi. Hicho kisahani ni sheria. Kikikosekana ni kosa la kiufundi linaloandikwa.

Baada ya 797 mambo yalisonga. Mengine yalikuwa yameshaanza kujadiliwa kabla, lakini maiti 23 kwenye ndege iliyotua salama zilifupisha mjadala. Kati ya 1984 na 1985 Marekani ilipitisha sheria: vyoo viwe na kitambuzi cha moshi, mapipa ya vyoo yawe na mtungi unaojifungua wenyewe. Mitungi ya halon ikaletwa, maana inazima vizuri kuliko ile aliyokuwa nayo Benetti. Sponji za viti zikaanza kufunikwa na kitambaa kinachochelewesha moto, kwa sababu sponji ikiungua inatoa sayanidi, na pumzi chache za hiyo zinatosha kukulegeza miguu kabla hata hujaanza kukimbia. Wahudumu wakapewa vifuniko vya kichwa vyenye hewa na mafunzo ya kweli ya kupigana na moto.

Halafu kuna zile taa ndogo za sakafuni. Wengi wetu tunadhani ni urembo, kama zile za kumbi za sinema. Zimewekwa chini kwa sababu taa za dari humezwa na moshi kwanza. Ukiwa umepiga magoti na unatambaa, hizo ndizo zitakuambia mlango uko hapa, usipite. Fikiria wale waliopita madirisha kwa hatua mbili. Taa hizo ni zao.

Nitoke nje ya ndege kidogo, kwa sababu nikisoma haya kichwa kilinipeleka nyumbani. Machi 2001, Kyanguli, Machakos, wavulana 67 walikufa kwenye bweni. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka 2008 wizara ya elimu ikatoa mwongozo wa usalama wa shule: mabweni yasiwe na vyuma madirishani, milango ifunguke kwa nje, nafasi iachwe kati ya vitanda. Karatasi nzuri kabisa. Halafu Septemba 2017 wasichana 10 wakafa Moi Girls Nairobi. Septemba 2024 wavulana 21 wakafa Endarasha, Nyeri. Kuna mtu anasoma hapa ambaye alilala kwenye bweni lenye vyuma dirishani mwaka jana tu. Mimi nililala kwenye moja miaka minne, na kitu pekee nilichofundishwa kuhusu moto ni kwamba ukipatikana na kiberiti unaenda nyumbani. Hakuna siku hata moja tuliyoambiwa tutoke kitandani gizani tujaribu kutafuta mlango.

Kwenye ndege kuna mtu kazi yake ni hiyo. Analipwa kujua mlango uko wapi gizani. Tunamwita weita.

Januari 2, 2024 nadhani wote mliona ile video ya Haneda, Tokyo. Ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani ikitua. Ndani moshi, nje madirishani moto mwekundu, mtoto analia anaomba mlango ufunguliwe. Na wahudumu hawafungui! Komenti za huku kwetu zilikuwa kali: wanangoja nini? Walikuwa wanaangalia ni mlango upi hauna moto nje. Kati ya milango minane, walitumia mitatu tu. Spika za ndege zilikuwa zimekufa, wakatumia vipaza sauti vya mkononi na koo zao. Watu 379, wote walitoka, na karibu hakuna aliyebeba begi. Watano kati ya sita waliokuwa kwenye ile ndege ndogo walikufa, na hilo lisisahaulike. Lakini ndani ya ile kubwa, hakuna. Wangefungua mlango wa kwanza tu kwa sababu watu wanapiga kelele, moto ungeingia kupitia hapo hapo.

Kuna mmoja bado sijamtaja. Barbara Jane Harrison, mhudumu wa BOAC, Heathrow, Aprili 1968. Injini ilishika moto muda mfupi baada ya kuruka, wakarudi chini. Alisukuma watu nje mpaka ngazi ya dharura ikaungua, akaendelea kuwasukuma waruke. Alikuwa na nafasi ya kuruka mwenyewe. Akarudi ndani kwa abiria mlemavu aliyekuwa kwenye safu za nyuma. Walikutwa karibu karibu. Alikuwa na miaka 22. Hiyo ni miaka yangu.

Kwa hivyo nilimpigia binamu, kama alivyosema. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha kwa maneno mazuri, yeye akanikatiza na kuanza kunisimulia siku yao ya moshi darasani. Wanawaingiza kwenye chumba kilichojengwa kama ndege, wanapuliza ule moshi bandia wa jukwaani mpaka huoni pua yako, halafu mnaambiwa mtoke. Alisema mara ya kwanza aliingia mbio na akapotea kabisa, akagonga kichwa, akalia. Mara ya pili alifanya kama walivyofundishwa: kabla ya moshi alihesabu viti kutoka alipokaa hadi mlangoni. Vilikuwa saba. Akatambaa akigusa mmoja mmoja.

Nikamuuliza anko anajua hayo. Akasema hajawahi kuuliza.

Ile video ya leso bado iko, sijaifuta, na sitawadanganya kwamba ni kwa sababu ya falsafa fulani. Imeniletea wafuasi wengi kuliko kitu kingine chochote. Lakini nimebandika andiko hili juu ya komenti zake zote. Na safari yako ijayo ya ndege, hata kama ni ile ya dakika arobaini na tano ya kwenda Mombasa, yule mtu akisimama kuonyesha milango toa earphone moja. Halafu hesabu viti vyako.